Kamba ya Chumba cha Mazoezi

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya magodoro kabla sijafika. Niliajiriwa katika hospitali moja upande wa Geita katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na cheti changu cha tiba ya viungo na viatu vyeupe ambavyo kwa wiki moja tu vilikuwa vimegeuka vyekundu kwa vumbi. Mganga mkuu alinionyesha mlango, akanipa ufunguo, akasema, "Hapa hatujawahi kuwa na mtu wa kazi yako. Sijui kama wagonjwa watakuelewa." Hawakunielewa.

Karibu wote walikuwa watu wa kiuno. Walikuja wachimbaji wanaoshinda wameinama chini ya ardhi, na wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo, wamekaa chini na kunyoosha miguu tangu asubuhi hadi jua linazama. Walikuja wakulima wa tumbaku kutoka mbali kule Ushetu, waliovuna majani ya chini mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kwangu walifika mwisho, wakiwa wameshapita duka la dawa na kwa mganga aliyewachanja chale kiunoni, na wote walitaka sindano. Nikiwaambia walale mkekani wakunje magoti na kuinua nyonga mara kumi, walinitazama wakisubiri nimalize utani nitoe dawa. Mama mmoja aliniambia, "Daktari, nimetoka Runzewe juu ya lori kuja kufundishwa kulala?"

Siku hiyo nilicheka naye. Siku nyingine sikucheka, maana hasira zangu ziko karibu, na nilishamfukuza mzee wa watu chumbani kwa kuniuliza mara ya tano sindano iko wapi. Hakurudi tena. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliamini kwamba ninachokijua kinatosha.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Nilikuwa na taa ya joto iliyotegemea umeme, na umeme wenyewe ulikuja ukipenda. Nilikuwa na sufuria ya kuchemshia taulo, chupa ya mafuta ya pamba ya kuchulia, mikeka mitatu, na kitanda cha kuvutia kiuno ambacho fundi seremala wa hospitali alinitengenezea kwa mchoro wangu. Mgonjwa alilala chali, miguu juu ya boksi. Kifua kilifungwa kwa mkanda upande wa kichwani, na nyonga zilifungwa kwa mkanda mwingine wenye kamba. Kamba ilipita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na chini yake nilitundika mifuko ya mchanga niliyoipima kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Uzito ukivuta, pingili za kiuno zinapata nafasi kidogo na maumivu yanapoa. Nafasi hiyo haidumu. Kinachoponya, pale kinapoponya, ni mazoezi ya kila siku, yale ya mkekani ambayo hakuna aliyeyataka. Nilifundishwa hivyo chuoni na nililijua jambo hilo siku zote, na ninalisema mapema ili nisije nikajitetea baadaye.

Mgonjwa ninayetaka kumsimulia alikuja mwishoni mwa kiangazi, akitembea ameegemea upande kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Alikuwa mtu wa makamo, mchimbaji wa machimbo ya kando ya Katoro, na kwa miaka tisa alikuwa amezungusha winchi. Winchi yao ni gogo lililolazwa juu ya mdomo wa duara, yaani shimo la kushukia chini, lenye mpini kila upande. Watu wawili wanalizungusha, kamba inajiviringisha, na viroba vya mawe vinapanda kutoka chini. Watu nao hupanda na kushuka kwa kamba hiyo hiyo. Miaka tisa ya kuinama na kuinuka ilikuwa imekula kiuno chake, na mguu wa kushoto ulimwaka moto mpaka kwenye kifundo. Mke wake, mwanamke mponda mawe asiyesema sana, ndiye aliyepiga magoti kumfungua viatu, maana mwenyewe alikuwa hafiki huko.

Nilimpima kama ninavyompima kila mtu. Nilichukua kipande cha pamba, nikamwambia, "Baba, funga macho. Nikikugusa, sema sasa." Nikamgusa unyayo. "Sasa!" Nikamgusa kifundo, pajani, kidole cha mwisho. "Sasa! Sasa! Sasa!" Alisema kwa sauti ya mtu anayeitikia majina shuleni, mpaka mke wake akacheka. Mishipa yake ya fahamu ilikuwa mizima. Niliandika hivyo kwenye kadi yake, na kadi hiyo nimeishika mara nyingi baadaye.

Alipogundua kwamba mimi ni wa Shinyanga kama yeye, akaacha kuniita daktari. "Mwangaluka, mayo," alinisalimia kila asubuhi, yaani umeamkaje mama, ingawa alikuwa na umri wa baba yangu. Mimi nilimwamkia shikamoo, yeye akaitikia marahaba, kisha akaenda moja kwa moja mkekani bila kuambiwa. Katika miaka yangu yote pale sikupata mgonjwa mwingine kama yeye. Mazoezi niliyompa aliyafanya asubuhi na jioni kambini kwao, mbele za wenzake wote. "Wananiita bibi harusi, mayo," aliniambia. "Kutwa kushinda mkekani nainua nyonga."

Wenzake walimtania lakini walimpenda. Walikuwa watatu kwenye ile winchi, na wakati yeye anaumwa waligawana zamu yake na wakakataa kumwingiza mtu mwingine. Mpini wake ulikuwa ukimsubiri. Jambo hili ndilo lililokuwa rohoni mwake kuliko maumivu yenyewe. Duara lao lilikuwa linakaribia mwamba, na mwamba ukifikiwa winchi haiwezi kubaki na mikono pungufu. Aliniambia siku moja akiwa amelala kifudifudi, amejiinua kwa viwiko kama nilivyomfundisha, "Mtu asiye na kiuno machimboni ni mgeni tu. Nikikosa ule mpini nitarudi Shinyanga kufanya nini? Kulima? Jembe nalo linataka kiuno." Nilimwahidi kwamba atashika mpini wake. Hakuna aliyeniambia niahidi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukifanya kile kitanda kuwa zawadi. Wagonjwa wote walipenda kuvutwa. Kilikuwa chombo, kilikuwa na kamba na mizigo, kilifanana na kazi ya daktari kweli. Nikaona nikitumie kama chambo: fanya mazoezi siku sita, ya saba nakuvuta. Kwa wengine haikusaidia. Kwake ilisaidia sana. Siku ya kwanza nilipomfungua, alisimama akiwa amenyooka, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akamshika mke wake mkono akamzungusha kama wanacheza ngoma. Yule mama akafunika mdomo kwa khanga. Kwa akili yake, kwa nini asiamini kwamba dawa ni kamba, na yale ya mkekani ni adabu tu ya kumridhisha binti mkali wa hospitali?

Kosa la pili nililifanya nikiwa nacheka. Wakati yeye akivutwa, mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wagonjwa wengine, kwa hiyo nilitaka njia ya kujua akiumia. "Piga kelele," nilimwambia. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye winchi hakuna anayesikiliza kelele. Shimo linachanganya sauti, na mtu wa chini akisema acha na akisema vuta, juu unafika mngurumo ule ule. Mtu wa winchi anayefuata kelele ataua watu siku moja. Wao wanasikiliza kamba peke yake: ikitikiswa mtikiso mmoja, simama, miwili, vuta, mitatu, shusha. Mikono inatii kabla kichwa hakijafikiri, ndivyo wanavyofundishana tangu siku ya kwanza.

Nikaipenda hiyo. Nilifunga uzi wa bandeji kutoka mkononi mwake hadi kwenye kopo la maziwa lenye vijiwe, karibu na kiti changu. Kopo likilia mara moja, namwacha alivyo. Mara mbili, naongeza mfuko wa mchanga. Mara tatu, natoa. Nilijiona mjanja kupita walimu wangu wote. Nilimwita mganga mkuu aje aone. Na nilimwambia yule baba maneno ambayo nimeyarudia kichwani kuliko sala yoyote: "Ukiumia kidogo usiogope, vumilia. Mwili una ubishi mwanzoni."

Mvua kubwa za mwaka ule zilianza nikiwa najiandaa kwenda likizo nyumbani Shinyanga, wiki mbili. Nilimuaga. Nilimwambia aendelee na mazoezi, kuvutwa tutaendelea nikirudi. Akasema, "Sawa, mayo." Wiki mbili zikawa nne. Barabara ilikatika, nikarudi kwa kuunga magari, na pale Runzewe nilikwama siku nne nikilala kwenye benchi la mgahawa. Nilipopata lori, tulipita Katoro siku ya Jumanne mchana, mvua inanyesha. Kambi yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka barabarani. Niliwaza nishuke nikamjulie hali, angalau ajue nimerudi. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na viatu vyangu vilikuwa vimeachia soli. Sikushuka.

Jumatano walimvuta kwa winchi.

Haya nilisimuliwa na wenzake watatu, wakiwa wamesimama mlangoni kwangu kofia mikononi. Wakati mimi siko, maumivu yalikuwa yamerudi, na duara lilikuwa limekuta mwamba. Aliwaeleza jinsi kile kitanda kinavyofanya kazi, kwa ufasaha wote, maana alikuwa mwanafunzi mzuri. Wakacheka kwamba kumbe hospitali wanafanya kazi yao. Walimlaza ndani ya kibanda, kwa heshima, kwa kuwa alipaswa kufungua nguo kiunoni. Kifua wakakifunga kwenye nguzo. Nyonga wakazifunga mkanda wa gunia, na kamba ya winchi ikapitishwa chini ya turubai mpaka ndani. Wao walibaki nje kwenye mipini, hawamwoni. Mifuko yangu ya mchanga ilikuwa ya uzito nilioupima. Ile winchi inapandisha kiroba cha mawe na mtu juu yake.

Walizungusha polepole. Kamba ilipokaza, akatikisa mara mbili, naye ndani akawa anacheka, wanasema. Wakaongeza kidogo. Kisha kiuno chake kikashikwa, misuli yote ikajikaza kwa pamoja kama inavyofanya ikitishwa, mwili ukaruka na ukaruka tena, na kamba ikatikisika mara mbili mikononi mwao. Alikuwa anapiga kelele. Walimsikia. Yule mdogo wao aliniambia waziwazi, "Tulisikia anasema acheni, daktari. Lakini kamba ilisema vuta." Akawa ananionyesha viganja vyake, akivigeuza juu na chini, kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine. "Na alishatuambia, daktari alisema kuumia kidogo nivumilie."

Nilitaka kuwatukana. Nilifungua mdomo nikaanza, "Nani aliwaambia," nikaishia hapo, maana wote wanne mlangoni pale tulijua nani.

Walimleta Ijumaa, juu ya mlango walioung'oa kwenye kibanda chao, ndani ya pikapu ya mnunuzi wa pamba. Siku mbili walikuwa wanamchua kwa maji ya moto wakidhani itatulia. Nilipoinama juu yake nilisikia harufu ya mkojo, naye akageuza uso ukutani. "Nimejikojolea, mayo," alisema taratibu. "Sijui hata umetoka saa ngapi." Nikajua hapo hapo. Nilichukua pamba hata hivyo. Nikamwambia afunge macho. Nikamgusa nyayo zote mbili, mapaja kwa ndani, makalio. Alikuwa amekaza uso, anasikiliza kwa bidii, anasubiri. Mwishowe akafumbua macho akaniuliza, "Bado hujaanza?"

Mganga mkuu aliandika rufaa kwenda Mwanza. Gari la hospitali lilikuwa halina mafuta, kisha likawa na mafuta barabara ikawa haipitiki, na alipofika huko ilikuwa siku ya tatu tangu aje kwetu. Mishipa iliyobanwa muda wote huo haisubiri barabara ikauke. Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa na mpira wa mkojo na karatasi ndefu. Sikuhitaji kuisoma.

Nilimwaga mchanga wote nyuma ya jengo. Fundi seremala alikivunja kile kitanda nikimwangalia, akanung'unika kwamba mbao zilikuwa nzuri. Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini sivuti kiuno cha mtu, mbona hospitali nyingine wanavuta, na mimi najibu kwamba faida yake ni ndogo, jibu ambalo ni la kweli. Lakini sijawahi tena kuifanya kazi hii kwa matumaini. Niliendelea kuwafundisha watu kuinua nyonga, wengine wakapata nafuu, wakanishukuru, na shukrani zao zilinipita. Usiku na mchana nilikuwa mtu aliyekata tamaa anayewaambia wengine wasikate tamaa, na mshahara nikapokea.

Kila Jumamosi nilikuwa naazima baiskeli ya nesi mwenzangu naenda kule kambini. Alikuwa amelala kwenye kibanda kile kile, mlango umesharudishwa. Nilimkunja na kumkunjua miguu ili viungo visikakamae, nikamfundisha mke wake jinsi ya kumgeuza kila baada ya muda vidonda visiote. Vidonda vikaota. Yule mama aliacha kuponda mawe, akawa anasikiliza maelekezo yangu bila kuniangalia usoni. Hajawahi kunilaumu kwa neno. Nilitamani anilaumu, ili niwe na kitu cha kujibu.

Wenzake walikuwa bado hawajampa mtu ule mpini. Nje tuliwasikia wakizungusha, watatu kwenye kazi ya wanne, na zamu ikiisha mmoja alichungulia akasema, "Bibi harusi, mpini wako upo." Naye alijibu kwa sauti kubwa, "Nakuja!" Akinikuta nimeinamisha kichwa alinitania, "Mayo, leo umekuja na hasira zako?" Jumamosi hizo alikuwa ananifariji mimi, naye amelala kwenye nailoni ya kuzuia mkojo.

Jumamosi moja, miguu yake ilikuwa imekwisha, imebaki ngozi na mfupa, akaniomba nimpime. Nilikuwa nimeacha kumpima. Nilimwambia haina haja, akaniomba tena. "Nahisi kitu kimeanza kurudi," alisema. "Wewe nipime uone." Mke wake akaacha kupepeta mchele, akasogea miguuni pake, akakaa.

Nilitoa pamba mfukoni. Nikamwambia, "Haya baba, funga macho. Nikikugusa, sema sasa." Alifumba macho akatabasamu kidogo, akatulia. Mimi nilikuwa bado naikata pamba, nusu mkono huu na nusu mkono huu, sijainama hata.

"Sasa," alisema.

Nikashusha mikono mapajani.

"Sasa. Sasa. Hapo kwenye unyayo, mayo, nimesikia vizuri kabisa. Sasa."

Mke wake alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile walipomleta juu ya mlango. Mikono yangu ilikuwa mapajani kwangu, na yeye aliiona ilipokuwa.

"Vizuri, baba," nilisema.